Landi Haibebi Mke wa Mtu

Nzabonimana alikuwa ameshaosha magurudumu matatu ya Landi, limebaki moja, mlinzi wa geti alipomuuliza anaosha gari la nani. Ulikuwa uchokozi tu, maana pale Gihundwe nani hakujua? Mradi ulikuwa umefungwa. Kibao cha getini kilishang'olewa, meza zilishabebwa, na mwenye nyumba alitaka uwanja wake mtupu kabla ya jua kuzama. Magari mawili yaliyobaki yalikuwa yanauzwa siku hiyo. Shofa gani anaamka mapema kuosha gari lisilo lake, la kazi isiyokuwapo, kwa sabuni ya pesa zake?

"Naosha tu," akajibu. "Motokari haiuzwake na tope."

Alikuwa anasema uongo, na bado mapema. Haja yake ilikuwa Landi isipendwe na mtu hata mmoja siku ile. Kama angefuata akili angeipaka tope hadi kwenye kioo. Lakini wageni waje, waitazame Landi yake chafu, wagune? Hapana, hilo nalo lilimshinda. Akatia kitambaa kwenye ndoo na kulimalizia gurudumu la nne kwa kidole, katikati ya kila nati.

Landi yenyewe haikuwa ya kutamanisha macho. Ilikuwa Land Cruiser ya zamani, rangi ya vumbi, boneti imebonyea pale ng'ombe alipoirukia zamani, kiti cha shofa kimechimbika kwa umbo la makalio ya mtu mmoja tu. Lakini ilikuwa kat-kat kwelikweli, inavuta kwa magurudumu yote manne, na katika milima ya Rusizi hapakuwa na utelezi uliowahi kuizuia. Nzabonimana, mtoto wa Kadutu kule Bukavu, upande wa Kongo, aliyerudi Rwanda akiwa kijana, aliishika usukani miaka kumi na mmoja. Hakumruhusu mtu mwingine aioshe. Akienda likizo, alichomoa fyuzi moja chini ya boneti na kuondoka nayo mfukoni, ili shofa wa zamu ahangaike mpaka watu waseme, Landi inamtaka Nzabo. Mkewe Mukamusoni aliiita mke mwenza. Alisema wake wenza wengine angalau wanakuja kusalimia.

Na mke mwenza yule alikuwa na masharti. Kwenye mlango wa abiria kulikuwa na alama ya mradi, picha ya mtu aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Maana yake asiye mfanyakazi hapandi, awe mgonjwa, awe mama mzazi. Shofa mmoja alimbeba mama yake siku ya mvua, kesho yake akawa hana kazi. Tangu hapo Nzabonimana hakumbeba mtu. Mara ngapi alimkuta Mukamusoni kwenye barabara ya Nyakarenzo, gunia la muhogo kichwani, amenyoosha shingo? Alipiga honi mara moja, pii, akampita. Miaka ya kwanza mke alicheka na kumtania jioni. Baadaye akawa akisikia ile honi anageuzia uso ukingoni, anangoja vumbi litulie, kisha anaendelea na safari yake.

Sasa mradi umekufa, na Nzabonimana alikuwa na tumaini moja tu. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kununua magari. Sheria. Lakini Munyemana, mkuu wa magari, mtu mpole wa kunong'ona, alimwambia wiki iliyopita wakiwa wawili tu: "Ikikosa mununuzi, tutaona." Katika ofisi za dunia hii, neno "tutaona" limeshazika watu wengi, lakini Nzabonimana alilikamata kwa mikono miwili. Aliona tayari Landi ikiwa nyumbani kwake, anabebea watu mizigo, na ile alama ameibandua kwa kisu.

Mnunuzi wa kwanza alipoingia getini, alikuwa mke wake.

Hakushtuka, maana alijua wanakuja. Koperative ya akina mama wa muhogo wa Nyakarenzo ilitafuta gari la kushusha unga kutoka milimani hadi mpakani Rusizi ya pili, ambako wateja wa Bukavu hungoja. Mukamusoni alikuwa kwenye kamati. Kilichomuuma Nzabonimana ni aliyekuja naye. Hirwa, kijana wa miaka ishirini na nane, shofa wa taksi ya Kamembe, kijana wa lami, viatu vyeupe. Koperative imemwajiri yeye kwa sababu ofisa mmoja wa sekta aliwakumbusha kwamba mume wa mwanakamati haajiriwi. Sheria nayo. Ilitungwa kwa ajili ya wezi wa mahali pengine, ikaja ikamkuta mtu anayelijua kila korongo la Nyakarenzo, ikampa kazi asiyelijua hata moja.

"Muzee wangu," Hirwa akasalimia kwa mikono yote miwili, akiinama. "Tuko mu mikono yako. Maman alisema wewe njo utatuchagulia."

Adabu yake ilimkera Nzabonimana kuliko tusi. Mtu anayekutukana unaweza kumchukia kwa raha.

Magari yalikuwa ubavu kwa ubavu. Pembeni ya Landi ilisimama ile nyeupe, gari la maofisa, changa, rangi inang'aa, viti vya ngozi, na baridi inayotoka kwa kubonyeza kidude. Hirwa akaizunguka mara mbili, akiigusa kama mtu anayegusa kitambaa dukani.

"Hii njo motokari," akasema. "Nayo ni kat-kat?"

"Imeandikwa nyuma," Nzabonimana akajibu.

Mukamusoni hakuitazama. Alivaa kitenge chake cha Jumapili, na alikuwa amesimama mbele ya Landi, mikono kiunoni.

"Mimi sina haja ya rangi," akasema. "Muhogo haujitazamake mu kioo. Miaka yote Papa Bella anatuimbia Landi, Landi. Mvua inyeshe, Landi. Daraja livunjike, Landi. Mtoto wetu Bella alipojifunza kusema, alisema Landi mbele ya kusema maman. Sasa tuichukue hiyo Landi. Si vile, Papa Bella?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nani aliisifu miaka yote mezani, hadi mboga zikapoa?

"Muijaribu kwanza," akasema.

Akatoa ufunguo. Alitaka kumpa Hirwa, mkono ukagoma kidogo, ikabidi kijana auvute. Hirwa akapanda, akakuta miguu haifiki vizuri, akashika kile chuma chini na kukisogeza kiti mbele. Kiti ambacho hakijasogezwa tangu kianze kumjua mtu. Kililia kikaitika. Akageuza kioo cha ndani. Kisha akaona rozari iliyoning'inia pale, akaifungua taratibu, akaibusu, akamkabidhi Nzabonimana dirishani.

"Rozari yako, Muzee. Isipotee."

Nzabonimana akaipokea. Alijihisi kama mtu anayetolewa nguo zake nje ya nyumba, tena zimekunjwa vizuri.

Ndipo Mukamusoni akafungua mlango wa abiria. Akaitazama ile alama ya mtu aliyekatwa kwa mstari, akasita, mguu mmoja juu. Kwa mazoea tu.

"Panda, Maman," Hirwa akasema. "Leo hakuna wa kukukataza."

Akapanda. Akavuta mlango, ukagoma, akauvuta tena kwa nguvu. Akaketi wima kabisa, mikono juu ya mapaja, akatazama mbele kupitia kioo kile ambacho miaka yote alikitazama kwa nje.

Wakatoka getini, wakapanda kile kilima cha udongo nyuma ya nyumba za hospitali. Nzabonimana alibaki ameshika kitambaa. Hakuhitaji kuona, masikio yalimtosha. Sasa anatia gia ya pili. Sasa atakwaruza, lazima akwaruze, ile ya pili ina ukorofi, unatakiwa kuibembeleza. Hakukwaruza. Akasikia kirungu cha pili, kile cha kat-kat, kikiingia, magurudumu yote manne yakashika, na Landi ikapanda kwa sauti ileile nene ambayo alidhani inamtolea yeye peke yake. Iliondoka na mwanamume mwingine na haikulalamika hata kidogo.

Na waliporudi, mke wake alikuwa anacheka.

Hakikuwa kicheko cha adabu. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi, kitenge kimelegea, anapiga dashibodi kwa kiganja. Kicheko hicho Nzabonimana alikisikia mara ya mwisho Bukavu, kabla hawajaoana, na alishasahau kwamba kipo. Kumbe kipo. Kumbe kilikuwa kinangoja kupandishwa gari na Hirwa.

Wivu ulimshika kama njaa. Hakuwa na wivu wa kitandani. Mukamusoni hakuwa mtu wa mambo hayo, na Hirwa alimwita maman kwa moyo safi. Aliwaonea wivu wote watatu kwa pamoja: kijana kwa kiti, mke kwa kicheko, na gari, Mungu amsamehe, gari kwa kukubali.

"Tumemaliza," Mukamusoni akasema akishuka. "Njo hii. Niende kumuita Munyemana?"

"Ngoja," akasema Nzabonimana.

Wakamngoja. Mlinzi naye akasogea.

"Kuna kitu sikukuambiaka. Shasi yake ilivunjikaka. Bakaichomelea."

Katika magari ya milimani kuna maradhi na kuna kifo. Shasi ndio uti wa mgongo, chuma chote kinachobeba gari. Ikivunjika na kuchomelewa, siku moja itafunguka ukiwa kwenye mteremko na watu nyuma. Hata Hirwa wa lami alilijua hilo.

"Ilivunjikia wapi?" akauliza.

"Huku chini, upande wa nyuma. Angalia."

Hirwa, masikini, akapiga magoti na suruali yake safi, akaingiza kichwa. Kulikuwa na mchomeleo kweli, mweusi, mnene. Ulikuwa wa ndoano ya kuvutia, ambayo mradi uliiongeza miaka ile. Lakini asiyejua ataona mshono ni mshono.

"Ni kweli, Maman. Bameichomelea."

Mukamusoni akamgeukia mumewe. "Miaka yote unatusifia motokari yenye imevunjika mugongo?"

"Ilikuwa siri ya kazi."

Nzabonimana alitamani abishe. Kama angesema, wewe una wivu, pengine angecheka, angekiri, yangeisha hapo. Lakini mke alishusha macho na kutikisa kichwa kwa huruma.

"Muntu hatukanake mama yake bure," akamwambia Hirwa. "Kama yeye mwenyewe anaisema vile, basi imekufa. Pole, Papa Bella. Nayua inakuuma."

Pole ile ilimpiga vibaya. Na bado lilibaki swali moja.

"Na ile nyeupe? Itapanda kwetu?"

Hapa Nzabonimana alikuwa na nafasi ya pili, na wachache hupewa. Aliijua ile nyeupe. Maofisa walikwenda nayo hotelini na uwanja wa ndege. Kirungu chake cha kat-kat hakijawahi kuguswa tangu kije, na kitu cha kushikisha magurudumu kisipotumiwa kinakufa kimyakimya, mafuta yanakauka, meno yanashika kutu. Maandishi ya nyuma yanabaki. Mbele ya utelezi litakuwa gari la harusi. Akatazama mbingu. Kulikuwa kweupe, ila upande wa ziwa kulikuwa na wingu dogo.

"Itapanda," akasema.

Kukiwa kukavu itapanda, akajiambia. Sijasema uongo wote.

Munyemana akaitwa, karatasi zikawekwa mihuri, ile nyeupe ikapigwa honi ndefu. Hirwa alifungua dirisha kumpungia mkono. Mukamusoni alikaa nyuma safari hii, katikati ya viti vya ngozi, na hakucheka. Nzabonimana aliliona hilo, na, aibu yake isemwe, lilimfurahisha.

Walipotoweka alikirudisha kiti cha Landi nyuma, akageuza kioo, akafunga rozari mahali pake. Akaenda ofisini. Munyemana alikuwa anakunja mazulia.

"Chef, Landi imekosa mununuzi."

"Nimeona."

"Ulisemaka, tutaona."

"Nilisema, na nilikuwa na nia." Munyemana akashusha zulia, akajipangusa mikono. Hakuwa mtu mbaya. Hao ndio wagumu zaidi. "Nzabo, nilikuwa dirishani. Nilisikia kwa masikio yangu. Wewe shofa wake umesema shasi imechomelewa. Mimi siwezi kumpa mufanyakazi motokari ya shasi iliyovunjika. Ukianguka nayo kesho, watauliza nani aliitoa. Sheria inasema ya namna hiyo ni chuma chakavu."

"Chef, ile shasi..."

"Ile shasi nini?"

Aseme nini? Kwamba ni nzima? Mlinzi alisikia, kijana aliona, koperative imeshalipa na kuondoka na gari la harusi kwa neno lake. Akisema ni nzima, ndipo anakuwa mwizi.

"Hapana," akasema. "Hakuna kitu."

"Nilishapigia Mulume wa Bukavu. Anainunua kwa kilo. Mwenye nyumba anataka uwanja wake, unaelewa?"

Kwa kilo, kama nyama ya ng'ombe aliyejifia.

Mulume alifika pamoja na mvua. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuchekesha, na alikuja na vijana wa kazi na mashine ya kukatia chuma. Kuhusu kuivusha Landi ikiwa nzima, hakutaka hata kusikia. "Nzima italala ku duane, bakitaka ushuru, mpaka nizeeke," alisema. "Ikiwa bipande, ni mizigo kama mizigo. Bamama batabeba, itavuka daraja kabla ya giza." Akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya paa, akawaashiria vijana waanze.

Kijana wa kwanza aliweka nyundo kwenye bawaba ya mlango. Pigo la kwanza lilimpita Nzabonimana kwenye meno. Pigo la pili hakulingoja.

"Wacha," akasema. "Hiyo haipigwake. Inafunguliwa."

"Wewe ni nani?" Mulume akauliza.

"Shofere yake."

Mulume akamtazama, akaelewa, maana mtu wa vyuma chakavu ameona wajane wengi wa namna hii. "Basi fungua wewe, Muzee. Nitakuona na kitu kidogo."

Hakufanya kwa sababu ya kitu kidogo, ingawa nyumbani kilihitajika. Alifanya kwa wivu uleule. Kama lazima Landi ivuliwe, basi si kwa mikono ya watu. Akachukua spana. Kila bolti aliijua, ipi ina kiburi, ipi inataka mafuta na subira. Akatoa milango, boneti, viti. Alipokinyanyua kile kiti cha shofa, chini yake akakuta fyuzi ya akiba aliyowahi kuificha akaisahau. Akaitia mfukoni. Mvua ilimpiga mgongoni na hakuisikia. Vijana walipokata nguzo alisimama kando na kuwaambia wapi pa kukata. Alasiri vijana wote walikusanyika, wakahesabu moja mbili, wakalinyanyua bodi lote na kuliweka chini. Shasi ikabaki peke yake kwenye magurudumu, uchi, mvua imeiosha.

Mulume akaacha kiti chake. Akaizunguka, akainama, akaigonga kwa pete yake. Ikalia ting, sauti safi.

"Muzee. Hii shasi ni kama imetoka kiwandani. Nani alisema ilivunjika?"

Nzabonimana alikuwa anafuta spana.

"Hii ningeinunua nzima ningetembea nayo miaka kumi. Ona vile mumeniharibisha mali." Mulume alikuwa anacheka, ila kwa hasira. "Nani huyo mupumbavu alisema?"

"Batu basemaka tu," akajibu Nzabonimana.

Mvua ilikuwa imekatika pikipiki iliposimama getini. Mukamusoni alishuka. Kitenge cha Jumapili kilikuwa chekundu kwa tope hadi magotini, na kwenye nywele pia kulikuwa na tope, upande mmoja, kama mtu aliyeanguka. Aliingia akianza kusema tangu getini, bila kutazama pembeni.

"Papa Bella, ile nyeupe imekwama. Pale mu kilima cha Nyakarenzo, mvua ilitukuta katikati. Hirwa anavuta kile kirungu, kinazunguka bure, magurudumu ya mbele yamelala. Imeshuka kinyumenyume mpaka mu shamba la batu, tumeshuka, bamama ba koperative bakakuya, tunaisukuma wote, haitikisiki. Mwenye shamba anapiga kelele. Tafuta ile kamba ya chuma ya Landi, na wewe kuya..."

Hapo akaona.

Aliona milango imeegemezwa ukutani, viti vimepangwa kwenye majani, akina mama wawili wa kubeba mizigo wanakunja ngata zao. Aliona mume wake na spana. Kisha akaona shasi.

Akaenda taratibu, akainama, akaweka kiganja kwenye chuma, mwanzo kabisa, mbele. Akakipitisha. Mwanamke aliyekagua muhogo maisha yake yote anajua kutafuta kidonda kwa vidole. Akapita upande mzima wa kushoto hadi nyuma, akafika kwenye ndoano na ule mchomeleo wake mweusi, akaugusa, akaona unashika ndoano tu na si kitu kingine. Akazunguka. Akarudi mbele kwa upande wa kulia, polepole, bila kuinua mkono. Nzabonimana alitamani mkono ule ukutane na ufa, hata mdogo, hata wa uongo.

Akasimama wima.

"Iko nzima," akasema.

"Maman Bella..."

"Sababu gani?"

Angeweza kumwambia habari za Munyemana na "tutaona" yake. Angeweza kumwambia habari za ofisa wa sekta. Yote ni kweli, na yote angeyasema vizuri kwa mtu mwingine.

"Ulicheka," akasema.

Mukamusoni akakunja uso, akitafuta kumbukumbu, kana kwamba asubuhi ilikuwa mbali sana.

"Nilicheka sababu nilikuwa ndani," akasema. "Nilimwambia Hirwa, leo nikikutana na mume wangu mu njia, mimi njo nitamupigia honi. Tukacheka."

Mulume, kwenye kiti chake, akatazama simu. Vijana wakajifanya wanapanga vyuma.

"Miaka yote ulikuwa unanipita mu njia, Papa Bella. Mvua inaninyeshea, mimba ya Bella iko tumboni, gunia liko ku kichwa. Unanipita. Na mimi nikawa nasema mu roho yangu, si yeye, ni sheria. Bamama bakinicheka ninabajibu, si yeye, ni sheria." Sauti haikupanda. "Leo haikuwa sheria."

Nzabonimana aliiweka spana chini.

"Kamba iko wapi?" akauliza Mukamusoni.

Ilikuwa kwenye majani, pamoja na vitu vya nyuma ya kiti. Mke alikwenda kuichukua mwenyewe, nzito, imekunjwa duara, bado inanuka mafuta. Mulume akaanza kusema kwamba chuma ni chuma na imo kwenye kilo, akamwona mwanamke usoni, akaacha.

"Twende pamoja," Nzabonimana akasema. "Nitaitoa. Nayua pale pahali, kuna mti..."

"Baki." Mukamusoni alikuwa ameshavua kitambaa cha kichwani, anakizungusha mkononi kufanya ngata. "Maliza kazi yako."

Akainama, akaipandisha kamba kichwani mwenyewe. Nzabonimana alipomsogelea kumsaidia, alikuwa ameshasimama. Yule wa pikipiki hakumngoja, alishapata abiria mwingine, basi akatoka getini kwa miguu kutafuta pikipiki mbele, ameinyoosha shingo, mwendo wake wa siku zote. Watu wa koperative watamuuliza nani aliwachagulia gari. Atawajibu nini, Nzabonimana hakujua, na safari hii hapakuwa na sheria ya kuwatajia.

"Muzee, imebaki kufungua difu ya nyuma," Mulume akaita.

Nzabonimana alisimama getini. Nyuma ya Mukamusoni alitoka mmoja wa wale akina mama wa mizigo, amefungiwa mgongoni mlango wa Landi kwa kamba za katani, ameinama sana, anaelekea darajani. Ulikuwa mlango wa abiria. Alama ilitazama nyuma, ikamtazama yeye, mtu aliyekatwa kwa mstari mwekundu, ikipanda na kushuka kwa hatua za mwanamke aliyeibeba. Gari moja likapiga honi mara moja nyuma ya wanawake wale wawili. Wote wawili wakasogea ukingoni, wakangoja lipite.